Kijibwa Anayeng'ata Akicheza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wanaofuga mbwa Mombasa na viunga vyake, tangu siku kijibwa anapoletwa nyumbani hadi meno yake ya ukubwani yatimie.

Kwa nini anang'ata kila kitu, hata mikono yangu?

Kwa sababu tatu, na mara nyingi huja zote pamoja. Ya kwanza ni ufizi. Kijibwa ana meno 28 ya utotoni, membamba na yenye ncha kali. Yanapolegea, ufizi huvimba na kumwasha, naye hupata nafuu kwa kuguguna. Ya pili ni mchezo: mbwa hana mikono, kwa hivyo mdomo ndio anaoshikia na ndio anaochokozea wenzake. Ya tatu, ambayo ndiyo husahaulika, ni uchovu. Kijibwa wa miezi miwili au mitatu huhitaji kulala kama saa 18 hadi 20 kwa siku. Akikatizwa usingizi mchana kutwa, jioni utamkuta anazunguka ua mbio, masikio nyuma, anarukia kila mguu unaopita. Huyo hataki somo wala adhabu. Anataka kulala.

Ukitaka kujua ni sababu ipi, tazama anang'ata nini na saa ngapi. Anayeguguna miguu ya viti akiwa peke yake anasumbuliwa na ufizi. Anayekurukia pale tu unapotembea anacheza. Anayeanza vurugu baada ya kukaa macho saa nzima amechoka.

Meno hung'oka lini? Na haya yote yataisha lini?

Meno ya utotoni huota kati ya wiki ya 3 na ya 6. Huanza kung'oka mbwa akiwa na miezi mitatu hadi minne. Ya mbele hutangulia, kisha chonge na magego hufuata, na kufikia mwezi wa 7 mbwa wengi huwa wametimiza meno 42. Wakati mgumu zaidi ni kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Utaona matone ya damu kwenye toi, au jino dogo sakafuni. Mengi atayameza, na hayamdhuru.

Ufizi ukipoa, hamu ya kuguguna hupungua yenyewe. Kung'ata watu hakupungui kwenyewe. Mbwa wa miezi minane anayerukia mikono ya wageni haoti meno tena, amezoeshwa.

Tumfunze vipi, hatua kwa hatua?

Kwanza uwe na toi mkononi kabla hujamwita. Iwe ndefu, dhiraa moja au zaidi, ili meno yake yawe mbali na vidole vyako. Kosa la wengi ni kuanza mchezo mikono mitupu, kisha kutafuta toi wakati kidole tayari kimo mdomoni.

1. Buruta toi sakafuni, mbali na miguu yako, iende na kusimama. Usimpungie usoni. Kijibwa anayeruka juu huishia kunasa vidole.

2. Meno yakigusa ngozi na kuuma, tulia papo hapo. Usivute mkono. Mkono unaovutwa kwake ni windo linalotoroka, na isitoshe, kuvuta ndiko kunakochana ngozi. Ulegeze, useme "basi" mara moja kwa sauti ya kawaida.

3. Akiachia, hata kwa sekunde 2, msifu polepole kisha umrudishe kwenye toi. Ukimsifu kwa shangwe atapandwa na mori upya.

4. Akirudia, inuka uondoke bila neno. Pita upande wa pili wa mlango au wa kizuizi, ukae sekunde 30, urudi mwendelee. Dakika kumi ni nyingi mno, atakuwa ameshasahau kilichokufanya uondoke.

5. Akirudia mara ya tatu, mchezo umekwisha. Mpeleke akojoe, mpe maji, umlaze na kitu cha kuguguna. Usimpeleke pa kulala kwa hasira, maana hutaki apaone kuwa jela.

Kila mchezo uwe wa dakika 3 hadi 5, halafu mapumziko. Akishakaa macho kama saa moja, mlaze hata kama anaonekana bado ana nguvu.

Siku za mwanzo huenda akazidi. Kung'ata kumekuwa kukimletea mchezo, kwa hivyo atajaribu kwa nguvu zaidi kabla ya kukubali kwamba hakuleti kitu tena. Hapo ndipo wenye nyumba hukata tamaa na kurudia kumsukuma na kupiga kelele. Kijibwa naye hujifunza jambo baya kuliko la kwanza: kwamba akiuma kidogo hapati, akiuma sana hupata. Nyumba yenye mjomba mmoja anayecheza naye mieleka kwa mikono haitafika popote, hata wengine sita wakifuata hatua zote. Zungumzeni na mjomba kwanza.

Tangu siku ya kwanza asiguse ngozi kabisa?

Kwa watu wazima wenye afya, hapana. Punguza nguvu kwanza, kisha idadi. Mpaka karibu wiki ya 14, simamisha mchezo kwa ng'ato linalouma tu, na uvumilie meno yanayogusa bila kubana. Baada ya hapo simamisha hata kwa linalobana kidogo, hadi akitimiza miezi mitano meno yasiguse ngozi tena. Kijibwa aliyepitia ngazi hizi anajua uzito wa taya zake. Siku atakapokanyagwa mkia akageuka ghafla kwa maumivu, kuna uwezekano mkubwa kwamba ataishia kugusa tu bila kujeruhi.

Watoto, wazee wenye ngozi nyepesi na wagonjwa wa kisukari ambao vidonda vyao huchelewa kupona hawana haja ya kuvumilia chochote. Kwao hakuna jino hata moja, na wacheze naye kwa toi tu mtu mzima akiwa karibu.

Nilisikia nilie "aah!" kama kijibwa mwenzake. Inafaa?

Kwa baadhi. Jaribu mara mbili tatu. Akisita na kukutazama, itumie. Akichangamka na kuja kwa kasi zaidi, iache, kwake hiyo ni sauti ya toi inayolia.

Kofi la pua, kumfumba mdomo, pilipili mkononi?

Vyote viache. Kofi humfunza kwamba mkono unaokuja usoni ni hatari, na mbwa wa aina hiyo ndiye anayemng'ata daktari wa mifugo anapotaka kumtazama masikio. Kumfumba mdomo kunaminya ufizi ambao tayari unauma, na wengine hudhani ndio mchezo wenyewe. Pilipili na ndimu huchoma ufizi ulio na vidonda, kisha humwingia machoni anapojipangusa kwa mguu. Kumlaza chali kwa nguvu "ajue nani mkubwa" humtia hofu tu, na mbwa mwenye hofu hutumia meno.

Nimemchukua alinde nyumba. Nikimfunza asing'ate si ataharibika?

Hataharibika. Kung'ata kwa mchezo na kulinda boma ni mambo mawili tofauti. Tabia ya kulinda hujitokeza mbwa anapokomaa, kati ya mwaka mmoja na miwili hivi, na haijengwi kwa kuachiwa vidole akiwa mdogo. Kazi kubwa ya mbwa wa nyumbani ni kubweka mapema na kumtambua mgeni. Asiyejua kuzuia taya zake atamng'ata soja, mtoto wa jirani au muuza maji, na baada ya hapo atafungwa mnyororo kutwa. Mbwa wa mnyororo halindi kitu zaidi ya urefu wa mnyororo wake, na akifunguliwa huwa na pupa, akarukia na kung'ata kuliko awali.

Wanaotia pilipili kwenye chakula ili mbwa awe mkali hawapati mlinzi. Wanapata mbwa mwenye tumbo bovu.

Anadandia leso, buibui na kanzu. Nifanye nini?

Pindo linalopepea karibu na sakafu ni kishawishi kikubwa kuliko toi yoyote. Akishalishika, simama. Ukivuta mnaanza mashindano ya kuvutana, na nguo ndiyo itakayoshindwa. Shika kitambaa karibu na mdomo wake kisilegee, mpe toi au tembe ya chakula, naye ataachia.

Kisha fanyeni mazoezi kabla ya kula, akiwa na njaa kidogo. Pandisha pindo ulibane kiunoni. Shika tembe ya chakula kando ya paja, tembea hatua tatu polepole. Miguu yake yote minne ikibaki chini na mdomo ukiwa umeachana na nguo, mpe. Ongeza hadi hatua kumi. Akiweza, teremsha pindo nusu, baadaye lote, na kila unapoteremsha anza upya na hatua tatu. Wanaoruka ngazi hapa ndio wanaonunua leso mpya.

Katika wiki hizo mvishe ukanda wa shingoni wenye kamba nyepesi ya mita moja na nusu aiburute ndani, ukiwapo tu. Utaweza kumwondoa kwa kamba bila kumshika, maana mikono inayomkamata humchochea. Usimwache peke yake na kamba hiyo, inaweza kunasa mahali ikamkaba.

Neno "achia" hufunzwaje?

Kwa kubadilishana. Mpe toi asiyoipenda sana, mwekee kipande cha kuku wa kuchemshwa, asiyetiwa chumvi, karibu na pua. Akifungua mdomo sema "achia", mpe kuku, kisha *mrudishie toi*. Kurudishiwa ndiyo siri. Kijibwa anayenyang'anywa kila anapoachia hujifunza kukimbia na kumeza. Vipande viwe vidogo kama punje ya mahindi, na upunguze chakula chake cha siku kiasi hicho hicho.

Watoto wakirudi shuleni au madrasa anawavamia. Tuwazuie?

Panga mambo kabla hawajafika. Dakika kumi kabla, mpe kijibwa kitu cha kuguguna kilichogandishwa, nyuma ya kizuizi, watoto waingie, wabadilishe nguo, wale, na vurumai ya mlangoni iishe bila yeye. Wakishatulia ndipo atolewe.

Wafunze jambo moja: akikimbilia, simama kama mnazi. Miguu pamoja, mikono kifuani, macho juu, kimya. Anayepiga kelele na kukimbia ndiye atakayefukuzwa. Lifanyieni mazoezi kijibwa akiwa hayupo, kwa sababu mtoto aliyetishika hakumbuki alichoambiwa kwa mdomo tu. Aliye chini ya miaka sita asiachwe peke yake na mbwa hata dakika moja, awe mpole namna gani.

Nimpe nini cha kuguguna?

Huna haja ya duka ghali. Nunua fulana ya mtumba ya pamba, ukate vipande vitatu vya upana wa vidole vinne, usuke kwa kukaza na ufunge fundo kubwa kila mwisho. Ichovye kwenye maji au supu ya kuku isiyo na chumvi, kitunguu wala saumu, uigandishe kwenye friza saa 3 au 4. Baridi hutuliza ufizi na fundo humpa mahali pa kubana. Tengeneza tatu, moja mdomoni, moja kwenye friza, moja ikifuliwa, maana kwa joto letu kitambaa chenye supu huanza kunuka siku hiyo hiyo. Nyuzi zikianza kuchomoka, itupe. Uzi mrefu ukimezwa unaweza kukunja utumbo.

Taulo dogo lililoloweshwa, likasokotwa na kugandishwa hufanya kazi sawa. Karoti nene nzima iliyogandishwa pia ni nzuri, ila uichukue ikibaki urefu wa kidole, kabla hajaimeza kipande kizima. Toi ya mpira yenye uwazi ndani ijaze chakula chake kilicholowekwa, kisha uigandishe, itamshughulisha kuliko hivyo vyote. Stima ikipotea, maji ya baridi ya mtungi na taulo vitasaidia kidogo.

Kupima ugumu, bonyeza kitu kwa ukucha wa gumba. Kisipobonyea hata kidogo, ni kigumu mno kwa meno yake.

Kila baada ya siku mbili tatu zibadilishe toi, ukificha nyingine. Iliyokaa sakafuni wiki nzima hana habari nayo tena.

Na nini nisimpe?

Mifupa iliyopikwa, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha. Kifuu cha nazi huvunja meno. Makumbi na kamba zake hutoa nyuzi anazozimeza.

Gunzi la mahindi na kokwa la embe ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Kijibwa hulimeza zima au nusu, likakwama kwenye utumbo, na mara nyingi halitoki ila kwa upasuaji. Ukimtembeza jioni kwenye bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, pale pa mahindi ya kuchoma na mihogo, tazama chini kuliko unavyotazama bahari. Muhogo mbichi nao usimpe autafune, una sumu ambayo hupungua kwa kumenywa na kupikwa vizuri.

Mabaki ya pilau yana kitunguu, saumu na pengine zabibu, na vyote vitatu ni sumu kwa mbwa. Siagi ya karanga isiyo na kitu kingine haina neno, lakini soma kibandiko. Ikiwa na zailitoli, ile sukari bandia, inaweza kumuua.

Ndara kuukuu usimpe pia. Hawezi kutofautisha uliyomzawadia na ile uliyoinunua jana.

Ufuoni, jihadhari na bunju aliyetupwa na maji. Samaki huyo ana sumu hata akiwa amekufa na kukauka, na kijibwa anayeota meno huokota kila kitu. Mtembeze kwa kamba fupi, na akiokota kitu sema "achia" mara moja. Ndiyo maana neno lile linafaa kufunzwa mapema.

Anaumwa. Nimpe Panadol, au nimpake mafuta ya karafuu?

Hapana kwa yote mawili. Panadol na dawa za maumivu za aina ya ibuprofeni zinaweza kumdhuru ini, figo au tumbo hata kwa kipimo ambacho kwa mtu ni kidogo. Mafuta ya karafuu huchoma ufizi. Dawa ya kupaka ufizi wa watoto wachanga nayo ibaki kwa watoto. Baridi inatosha, na isipotosha, mwone daktari wa mifugo.

Joto linahusika?

Linahusika. Kati ya Januari na Machi hasa, kijibwa aliyechezeshwa saa sita mchana hupandwa na hamaki upesi, na anaweza kuugua kwa joto. Chezeni kabla ya saa 2 asubuhi na baada ya saa 11 jioni. Weka mgongo wa kiganja juu ya lami au kabro, na ukishindwa kuvumilia sekunde 7, nyayo zake pia hazitavumilia. Akihema sana huku ulimi umetanuka na mate yakimtoka mazito, mpeleke kivulini, mloweshe kwa maji ya kawaida na usimchezeshe tena.

Sisi ni Waislamu na tumemweka kwa ulinzi. Mate yake yakitugusa?

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo hufuatwa sana Pwani, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kimafunzo hilo linarahisishwa kwa kutumia toi ndefu zaidi, hata mita moja na nusu, ikifungwa kwenye fimbo, na kwa kutenga nguo na ndara za kuchezea naye zinazobaki uani. Masomo hayabadiliki, kwa kuwa hatua zote zinaweza kufanywa bila kumshika. Badala ya kumlisha tembe mkononi, iangushe chini mbele yake.

Tulimpata akiwa na wiki tano. Anang'ata vibaya mno.

Amekosa wiki ambazo ndugu zake wangemkatizia mchezo kila alipozidisha, ndiyo maana inashauriwa kijibwa asitoke kwa mama kabla ya wiki 8. Fuata hatua zilezile, ukitarajia zichukue muda zaidi. Mkipata mbwa mzima mpole aliyechanjwa, kijibwa acheze naye ndani ya ua. Kwa jambo hili mbwa mwenzake hufunza haraka kuliko binadamu.

Nitajuaje kwamba si mchezo tena?

Anayecheza mwili wake umelegea, hujiangusha mbele matako yakiwa juu, hunguruma huku akirukaruka. Wa kuogopwa ni anayekakamaa ghafla, akatulia tuli juu ya sahani au toi, akakukazia macho, midomo ikiinuka. Huyo usimwadhibu wala usimnyang'anye. Rudi nyuma, kisha utafute daktari wa mifugo. Kijibwa aliyebadilika kwa siku mbili tu huenda ana maumivu mahali.

Ni lini meno yenyewe yanahitaji daktari?

Ukiona chonge mbili zimeota pamoja, ya zamani ikiwa haijang'oka, hasa kwa mbwa wa maumbo madogo. Mabaki ya chakula hunasa katikati na jino jipya huota upande. Vilevile mdomo ukitoa harufu mbaya, shavu likivimba, au akikataa chakula siku nzima.

Amening'ata hadi damu. Ni mdogo tu, kuna haja ya hospitali?

Ipo. Kichaa cha mbwa hakichagui umri, na kijibwa wa miezi miwili huwa bado hajachanjwa, kwa kuwa chanjo hiyo hutolewa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa baadaye. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mikwaruzo pia. Usipake mafuta, unga wa kahawa wala pilipili. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na kadi ya chanjo ya mbwa kama anayo, ueleze alitoka wapi na kama alikuwa akirandaranda. Wao ndio watakaoamua kama utachomwa sindano.

Usimuue wala usimtupe. Afungiwe mahali salama na kuangaliwa siku 10, akila na kunywa kama kawaida. Akibadilika, akitokwa na mate ovyo, akishindwa kumeza au akifa ndani ya siku hizo, toa taarifa hospitalini na kwa daktari wa mifugo mara moja. Sindano ulizoanza, endelea nazo mpaka hospitali ikuambie vingine.